Mti wa Stanford, na mtu mwenye tunataka kuweka kwenye mayo yetu

Kule California kuna chuo kikuu kimoja chenye maskoti yake ni mti. Si simba, si tai, si chui. Mti. Mwanafunzi anavaa gauni la majani lenye kupita urefu wa mlango, anatoka mbio kwenye uwanja, anacheza kama mtu mwenye nyuki ndani ya shati, na watu maelfu wanamshangilia. Chuo chenyewe ni Stanford, kimoja kati ya vyuo tajiri sana duniani. Mimi nilisoma agronomia, kwa hiyo bandugu mtanivumilia kama naanza na upendeleo: mti kwenye mpira, kwangu tayari ni goli moja kwa sifuri.

Lakini sikukuja kusifu mti bure. Naandika juu ya ule mjadala wenye unaendelea kati yetu tangu ekipe ya wahitimu ilipopata mayo mapya, meupe, bila alama yoyote kifuani. Mapendekezo ni mengi. Simba, kama kawaida. Tai wa kushusha kwenye intaneti, yule yule mwenye ekipe tatu za inter-fac ziko naye tayari. Na lile lenye limepata mioyo mingi kuliko yote: kichwa cha Mbilikimo mwenye upinde, midomo mikubwa, macho yametoka, meno yamechongwa, na chini yake maandishi “Wapiganaji wa Msitu”. Mchoraji anajua kazi, siwezi kukataa. Mistari ni safi, rangi zinasomeka kutoka mbali, na macho yanarudi kwenye ule mchoro yenyewe. Njo maana nataka tuusome kwa umakini, sawa vile tungesoma riwaya ao filamu, na nauweka pembeni ya ule mti wa Stanford juu mti ule haukuanza kama mti. Ulikuja kukaa kwenye nafasi ya mtu.

Stanford ilifungua milango mwaka 1891. Rangi yao ni nyekundu iliyokolea, wanaiita kardinali. (Kwa sisi tuliokulia kwenye misa, ukisema Kardinali mtu anafikiria Malula, Monsengwo, Ambongo. Wamarekani wengi wanafikiria ndege mdogo mwekundu. Tutarudi hapo.) Mwaka 1930 kamati ya wanafunzi iliamua kwa azimio kwamba ekipe zao zitaitwa Wahindi, maana yake wenyeji asilia wa Amerika. Kufuatana na jina kukaja picha. Ile yenye ilienea sana ilikuwa kijitu kifupi chenye pua kubwa kupita uso wote na unyoya kichwani. Ni kikaragosi, na kama kikaragosi kimefaulu: unakiona mara moja, unacheka, hukisahau. Shida ni kwamba kilifaulu sana. Mtoto aliyekua anakiona kwenye kofia na kwenye kikombe, siku atakutana na Myurok ao Mnavajo wa kweli, tayari iko na picha yake kichwani, na ni ile ya pua.

Kuanzia 1951 kukaongezeka mtu wa kweli. Timm Williams, mwenyewe Myurok, alikuwa anacheza ngoma pembeni ya uwanja kwa jina la Prince Lightfoot, na mavazi ya manyoya. Alifanya hivyo zaidi ya miaka ishirini. Hapa kuna jambo la kuangalia vizuri, juu wengi wenu mnaandika: “Na kama Mtwa mwenyewe anakubali?” Williams alikubali. Alipenda kazi ile, aliitetea. Na bado wanafunzi wenyeji asilia waliofika Stanford waliipinga. Kukubali kwa mtu mmoja hakukutosha, na sababu si ngumu kuona: Wayurok ni taifa moja kati ya mamia, na yale manyoya ya uwanjani hayakuwa ya taifa lolote, yalikuwa ya sinema. Mtu mmoja anaweza kutoa ruhusa ya uso wake. Hawezi kutoa ruhusa ya uso wa jirani yake.

Sasa ni nini kilibadilisha mambo? Wazungu wa Stanford hawakuamka asubuhi moja wamekuwa wachoraji wazuri zaidi. Kilichobadilika ni orodha ya majina kwenye oditware. Kabla ya hapo wenyeji asilia waliosoma pale walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na mtu mmoja peke yake kwenye oditware hawezi kusimamisha uwanja mzima. Karibu na 1970 wakaanza kuingia kwa kikundi. Mwaka 1972 wanafunzi na wafanyakazi 55 wenyeji asilia walipeleka ombi, na rais wa chuo, Richard Lyman, akaondoa jina na picha. Miaka 42 watu walisema “sisi tunawaheshimu, ni mashujaa, ni sifa kwao”, mpaka siku mashujaa wenyewe walikaa kwenye benchi la pili, na kalamu mkononi, wakasema hapana.

Tusome na sisi orodha yetu. Katika promosyo yangu hapakuwa na Mtwa hata mmoja. Kati ya wote wenye niliwapita kwenye kampasi kwa miaka yote ya lisansi, sikumjua hata mmoja. Kwa hiyo mchoro wetu hautapata ombi la watu 55. Hakuna mtu atasimama. Tunaweza kuuvaa miaka 42 na mingine 42, na kila mwaka tukisema hakuna aliyelalamika tutakuwa tunasema kweli.

Turudi kwa Stanford, juu kilichofuata njo kinanifurahisha zaidi, na njo mahali watu wanaosimulia hadithi hii wanapita haraka.

Baada ya 1972 ekipe zikabaki na rangi tu. Wanafunzi wakatafuta jina lingine. Mwaka 1975 wakapiga kura, na jina lililopata kura likawa Robber Barons, yaani Mabwana Wanyang'anyi. Nani huyo bwana mnyang'anyi? Ni mwenye chuo: Leland Stanford. Alikuwa rais wa kampuni ya reli ya Central Pacific, njo mtu aliyepiga msumari wa dhahabu tarehe 10 Mei 1869 kule Utah reli za mashariki na magharibi zilipokutana. Reli yenyewe upande wake ilijengwa na Wachina maelfu na maelfu, kwa mshahara wa chini ya Wazungu, na yeye mwenyewe alipokuwa gavana wa California mwaka 1862 alikuwa amehutubia dhidi ya kuja kwa Wachina. Utajiri ule njo ulijenga chuo, kwa kumbukumbu ya mtoto wake wa pekee aliyekufa kwa homa ya matumbo mwaka 1884.

Ili muonje utamu wa kura ile, fikirieni wanafunzi wa Lubumbashi wanapiga kura ekipe yao iitwe Union Minière. Ao wa Kisangani wanajiita Mawakala wa Leopold. Ni mzaha, lakini ni mzaha wenye kujua historia, na unajielekeza kwa mwenye mzaha mwenyewe: sisi tunakula kwenye sahani hii, na tunajua ilitoka wapi. Kwa mimi, kati ya majina yote yaliyopita pale, hilo njo lilikuwa bora. Lilikuwa la mahali pale peke yake, lilikuwa na ukweli, na halikumvalisha mtu mwingine ngozi.

Uongozi ukakataa.

Angalieni vizuri hesabu hiyo. Chuo kilikubali kuacha kumcheka mtu aliyenyang'anywa ardhi, na hiyo ni sifa, nakipa. Lakini kumcheka aliyenyang'anya, hapana. Nafikiri ukitaka kujua alama ya chuo ni ya nani, usiangalie iliyokubaliwa, angalia iliyokataliwa. Mwaka 1978 wanamichezo zaidi ya mia mbili wakaomba griffin, yule mnyama wa hadithi mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba. Haikupita pia, na huyo simhurumii: ni mnyama wa popote, anafaa kwa benki na kwa bia sawasawa. Mwisho, 1981, rais Donald Kennedy akafunga mjadala: jina ni Kardinali, kwa umoja, na ni rangi. Si ndege, si mkubwa wa Kanisa. Ni jibu la mtu aliyechoka na mikutano. Rangi haiwezi kumtusi mtu, ni kweli, lakini pia hairuki, hailii, haiwezi kukimbia uwanjani wakati wa mapumziko.

Hapo njo mti uliingia, na uliingia kwa mlango wa nyuma. Fanfari ya wanafunzi, kikundi chenye sifa ya fujo, ilikuwa inachekesha watu kwa kuwaletea maskoti za uongo: kifuniko cha mtaro chenye kutoa moshi, kipande cha frite, na mti. Ilikuwa 1975, mwaka ule ule wa kura. Mti ukapendwa, ukabaki. Mpaka leo si maskoti rasmi ya chuo, ni mtu wa fanfari. Kila mwaka mwanafunzi mwingine anachaguliwa, na anashona gauni lake mwenyewe upya. Kwa hiyo hakuna miti miwili inayofanana: mwaka mmoja iko na macho makubwa kama sahani, mwaka mwingine iko na mdomo wa kutisha. Wanafunzi wa Berkeley, wapinzani wao wa siku zote, waliwahi kuuiba, mwaka 1998, na ule wizi njo uthibitisho wa mwisho kwamba maskoti imekomaa. Hakuna mtu anaiba rangi.

Hapa nawaomba ruhusa ya kuwa mwanaagronomia dakika mbili.

Mti huo si mti wowote. Iko na jina, El Palo Alto, na mji wa Palo Alto umeitwa kwa jina lake. Ni sekwoya ya pwani, Sequoia sempervirens, umri wake unapita miaka 1,000, na uko mpaka kwenye mhuri wa chuo. Wahispania wa Portolá walipiga kambi karibu yake mwaka 1769, na kabla yao Waohlone walikuwa wanaishi pale. Ulikuwa na shina mbili, moja ilianguka karne ya 19. Aina hiyo ya mti inakunywa ukungu: wakati wa kiangazi, mvua ikikosekana, majani yake yanapokea maji ya hewa ya bahari. Lakini pembeni yake palipita reli, na moshi wa makaa ya gari la moshi ukaukaba miaka mingi. Visima vya mji vikashusha maji ya chini ya ardhi. Ncha yake ikaanza kukauka. Mpaka watu wakapandisha bomba juu kabisa ili kuunyunyizia maji laini, ukungu wa kutengeneza. Mti mgonjwa, wenye kovu, wenye kuishi kwa matunzo.

Sasa mchukue logo rasmi ya ekipe: herufi S nyekundu, na juu yake mti wa kijani. Ni pembetatu. Matawi kushoto sawa na matawi kulia, hakuna kovu, hakuna shina iliyopotea. Ungeweza kuwa mti wa Noeli wa duka lolote. Naelewa, mchoro wa kushonwa kwenye kofia lazima uwe mwepesi. Lakini waliochora walichukua mti mmoja wenye jina na wakarudisha mti bila jina, na njo udhaifu wangu mkubwa na ile alama. Gauni la fanfari, pamoja na uchafu wake wote, ni picha ya kweli zaidi: limepinda, linazeeka, kila mwaka linatunzwa na mtu.

Na fanfari bado inakumbuka ile kura ya 1975, hata kama haisemi. Mwaka 2022 Mti alifunua kitambaa uwanjani chenye kusema Stanford inachukia raha. Alisimamishwa mpaka Januari 2023. Ni hadithi ile ile: cheka unavyotaka, usigeuze kidole kwa mwenye nyumba.

Mtaniambia: hayo ni ya Wamarekani, sisi hatuna Wahindi wao. Ndiyo, lakini kuna mahali hadithi hizi mbili zilikaa chini ya paa moja. Mwaka 1904, kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis, watu walilipa kiingilio kuangalia watu. Geronimo, mzee wa Waapache, mfungwa wa vita, alikuwepo, anauza picha zake na saini yake. Na kwenye maonyesho yale yale alikuwepo kijana wa kwetu, Ota Benga, Mbuti, aliyeletwa na Mmarekani Samuel Phillips Verner. Kivutio chake kikubwa kilikuwa meno yake yaliyochongwa. Miaka 2 baadaye, Septemba 1906, alionyeshwa kwenye nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani. Walimpa upinde na mishale ili picha ikamilike. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga mpaka akatolewa. Mwaka 1916, kule Virginia, alijipiga risasi.

Sasa fungueni tena mchoro wetu. Meno yaliyochongwa. Upinde. Macho yaliyotoka. Mchoraji hakumfikiria Ota Benga, nina hakika. Pengine aliandika maneno mawili kwenye intaneti na akachora kutoka picha za kwanza zilizokuja. Lakini zile picha zilitoka wapi? Njo zile za maonyesho. Tumefanya kazi ya kuchukua jicho la mlipa kiingilio wa St. Louis na kulishona kwenye kifua cha wahitimu wa Congo. Ni kwa hiyo nasema mchoro ni mzuri kwa mkono na mbaya kwa jicho.

Na jina “Wapiganaji wa Msitu”, msitu gani? Wale Batwa wa Kahuzi-Biega walitolewa kwenye msitu wao miaka ya 1970, mbuga ilipoanzishwa na kisha kupanuliwa 1975, na wengi mpaka leo wanalima shamba la mtu mwingine kwa chakula cha siku. Tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilitoa sheria namba 22/030 ya kulinda haki zao. Wenzetu wa droit mnaijua kuliko mimi. Ninachojua mimi ni kwamba tunawaweka kwenye msitu juu ya kitambaa wakati kwenye udongo hawamo.

Kuna mwenye aliandika basi tuchukue chui, chui ni wetu wote. Ni wetu, lakini kumbukeni vile alivyokuja. Ekipe ya taifa ilikuwa Simba wakati wa mwanzo wa uhuru, ikawa Léopards chini ya Mobutu, mwenye kofia yake mnaijua. Kwa jina hilo ilichukua kombe la Afrika 1968 na 1974, na ilienda kombe la dunia Ujerumani na kichwa cha chui kifuani, kwenye yale mayo ya kijani na manjano ambayo kwa mimi ni mazuri kuliko yote yaliyowahi kuvaliwa na ekipe ya Afrika, hata pamoja na yale magoli 9 ya Yugoslavia. Mwaka 1997 Mobutu akaanguka, chui akaanguka naye, tukawa Simbas. Mwaka 2006 chui akarudi. Mara zote hizo mnyama alibadilishwa kutoka juu, sawa vile vyuo vyetu vitatu vilifanywa UNAZA mwaka 1971 na kukatwa tena vitatu 1981. Hakuna aliyetuuliza. Sapota alilala simba akaamka chui, na asubuhi alienda kununua kitambaa kipya.

Kwa hiyo sisi tuko na kitu ambacho hata Léopards hawakupata, na hata Stanford walikinyimwa: kura yenye hakuna rekta wa kuikataa. Tusiitumie kwa kuvaa uso wa mtu ambaye hayumo kwenye kundi. Tai wa intaneti namkubali kuliko huyo, hata kama ananiletea usingizi.

Kama mnataka pendekezo langu, ni ule mwembe wa nyuma ya oditware kubwa, wenye kila promosyo imekalia mizizi yake wakati wa sesheni. Uchorwe vile uko: tawi moja limekatwa kwa ajili ya waya wa umeme, shina limejaa majina yaliyochongwa kwa kisu, upande wa kushoto mrefu kuliko wa kulia. Fundi wa kushona anasema rangi zisipite tatu, na nimemuuliza: kijani, kahawia, na nyeupe ya mayo yenyewe zinatosha. Mchoraji wetu ana mkono wa kazi hiyo, namwomba ajaribu kabla ya kura ya Jumamosi. Nitamtumia picha nilizopiga jana, kutoka upande wa lile tawi lililokatwa.